Kabati la viatu la mninga kwenye korido nyembamba: uzoefu wangu

Korido yetu ya mlangoni, hapa Temeke, haizidi sentimita 110 kwa upana, na mlango unafungukia ndani. Kiatu cha namba 42 hukaribia sentimita 30 kwa urefu, kwa hiyo kabati la kawaida la viatu linataka kina cha 35 hivi. Ukiliweka pale kwetu, anayeingia na ndoo ya maji inabidi apite kiubavuubavu. Ndipo nikamwendea fundi seremala mmoja wa Keko, nikamwagiza kabati la milango inayoinama mbele, ambalo viatu husimama wima ndani. Kina chake ni sentimita 22 tu.

Nimelitumia masika yote na nimelipenda kweli.

Fundi alipendekeza MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, kwamba bei ingeshuka sana. Nilikataa. Sisi tunapiga deki kila siku, na MDF ikinywa maji huvimba miguuni, kisha kingo zinamomonyoka. Mninga ukishakauka vizuri haujipindi ovyo, na mchwa hawaushambulii kirahisi. Halafu ile rangi yake ya kahawia yenye michirizi, ikipigwa vanishi isiyong'aa sana, mgeni hawezi kupita bila kuisemea.

Kinachonifurahisha zaidi ni hewa. Mgongoni hakuna plaiwudi. Kuna fito nyembamba zilizoachana nafasi ya kidole, na milango imetobolewa nakshi za nyota. Viatu vya shule vinarudi vimelowa jasho, asubuhi vimekauka. Na ule ukungu uliokuwa ukiota kwenye viatu vya ngozi kila mvua zikianza, mwaka huu sijauona. Juu kuna ubao wa kuwekea funguo, wenye ukingo ulioinuliwa kidogo zisiteleze, na ukutani vigingi vitano: baibui, kanzu, mwamvuli, helmeti, mkoba wa sokoni.

Sasa lawama. Bawaba zilizokuja nalo zilikuwa nyepesi mno. Mlango wa chini ulianza kulegea mapema, nikalazimika kununua nzito. Mabuti ya mvua na visigino virefu havienei. Lakini lililonikera hasa ni kwamba fundi alilishusha kwenye kirikuu, akaliegemeza ukutani, akaaga. Kabati jembamba namna hii ni lazima lifungwe ukutani kwa skrubu na fisha, vile vijiplastiki vinavyoingizwa kwenye tundu la ukuta ili skrubu ishike. Milango yote ikiinamishwa kwa pamoja, uzito unakuja mbele, na mtoto akining'inia litamwangukia. Nilimrudisha alifunge siku hiyohiyo. Wenye watoto wadogo, msimlipe fundi hela ya mwisho kabla hajalifunga.

Kwa shilingi 480,000, pamoja na vigingi na usafiri, naona nimepata thamani ya pesa yangu. Ukienda kuagiza, beba kiatu kirefu kuliko vyote nyumbani mwako kipimwe palepale karakanani. Cha mume wangu ni namba 45, na ndicho kilichoamua urefu wa kila mlango.