Kiuno changu: kairopraktiki ya Dar na fizio wa Tabora

Nauza asali hapa Tabora mjini. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniponza: dumu la lita 20 likijaa asali linakaribia kilo 28, wakati dumu hilohilo likijaa maji ni kilo 20 tu, na kwenye gari nashusha mwenyewe. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka tako la kushoto mpaka nyuma ya goti. Diklofenaki ilinituliza kwa saa chache. Mama mmoja wa hapa Isevya akanichua kwa mafuta ya nyonyo, usiku nikalala vizuri, kulipokucha mguu ni uleule.

Nilikuwa na harusi Dar, na dada yangu wa huko alishanitafutia tabibu wa kairopraktiki. Huku kwetu wengi hawaijui. Ni tiba iliyoanzia Marekani mwaka 1895 kwa mtu aitwaye D. D. Palmer, na kazi yake kubwa ni mikono: pingili za mgongo zinasukumwa kwa msukumo mfupi wa ghafla. Nililazwa ubavu, goti likakunjwa, bega likasukumwa huku na nyonga kule, mara ka! Nikajua nimekwisha. Nikasimama, nikatembea, na kweli nilikuwa mwepesi. Hilo simnyimi. Chumba safi, hakuna foleni, na alinisikiliza bila kuangalia saa.

Kilichonitia shaka ni maelezo yake. Alisema pingili zimehama na ule mlio ni zinarudi mahali pake, kwa hiyo nilipie kwa mkupuo mfululizo wa miadi, maana zinaweza kuhama tena. Hela yenyewe, ukijumlisha na nauli ya kutoka Tabora, ni mtaji wa asali ya msimu. Halafu akataka kuninyonga na shingo, yaani kuisukuma ghafla vilevile. Nikakataa. Kunyonga shingo, japo ni nadra, kunaweza kuchana mshipa wa damu na kuleta kiharusi, na mimi shingo haikuwa inauma.

Ule unafuu uliishia Dodoma. Kukaa kwenye kiti cha basi siku nzima, Manyoni, Itigi, hadi huku, kiuno gani kitavumilia? Nilishuka stendi nimepinda.

Ndipo nikaenda kwa fizio wa hospitali, wale ambao huku tunawaita watu wa mazoezi. Foleni ndefu, benchi gumu, kijana mwenyewe umri wa mwanangu. "Shikamoo mama." Nikaitikia huku nikijisemea, huyu atajua nini. Akaanza maswali: mkojo unatoka vizuri? Choo je? Katikati ya mapaja kuna ganzi? Homa za jioni, kikohozi, kupungua uzito? Baadaye akanieleza kwamba kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, ndiyo maana hawagusi mtu kabla ya kuuliza. Akanilaza chali akauinua mguu ukiwa umenyooka, akapima nguvu za vidole, akagonga magoti kwa kinyundo. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: "Mama, hebu nionyeshe unavyobeba hilo dumu."

Nikainama, nikanyoosha mikono, nikageuka kiuno huku nimebeba hewa. Akacheka kidogo, kwa adabu. Akanifundisha kulisogeza dumu mpaka liguse mwili, kukunja magoti, na kugeuka kwa miguu. Mzigo wa lita 20 tukaugawa kwenye madumu ya kumi. Mazoezi yenyewe ukiyaona utayadharau: kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, kulala chali na kunyanyua nyonga, kutembea kila jioni. Kuhusu ule mlio wa Dar, alisema ni viputo vya gesi kwenye majimaji ya kiungo, hakuna pingili iliyohama wala kurudi. Mkanda wa mgongo niliokuwa najibana nao akaniambia niuache, na kwa hilo yuko pamoja na WHO, Shirika la Afya Duniani, ambao mwongozo wao wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda wala kuvutwa mgongo. Mazoezi unayapendekeza. Kusukumwa pingili pia kumo kati ya tiba zinazokubaliwa, kwa hiyo anayesema kairopraktiki ni utapeli mtupu anatia chumvi.

Ukweli ni kwamba wiki ya kwanza nilijiona nimeibiwa, kwani sikuguswa sana. Unafuu ulikuja polepole, kwanza goti, tako likafuata, kiuno mwisho. Sasa nashusha madumu. Ningekuwa naishi Dar na nina hela, huenda ningerudi kunyongwa mara mojamoja. Kwa mtu wa Tabora mwenye kazi ya kubeba, naenda kwa fizio bila kufikiri, kwa sababu nilichopewa nakifanya nyumbani juu ya mkeka.

Ila mkojo ukikugomea au ukikutoka bila kujua, au miguu yote ikilegea, usiende kwa hao wawili. Kimbia kwa daktari siku hiyohiyo.

Akina mama, vaeni suruali au bukta ndani ya gauni. Mguu utainuliwa, na pazia la chumba kile halifiki mwisho.