Kaseti tisa za Ultimate, na moja ndogo isiyonitoka mikononi

Jetpac niliichukia kabla sijajua inaitwaje. Ilikuwa Mombasa, 2001. Mjomba alikuwa akifanya kazi Dubai, na likizo moja alituletea Nintendo 64 pamoja na Donkey Kong 64, gemu ya manyani na ndizi. Ndani yake kuna nyani mzee mkorofi, Cranky, mwenye maabara yake. Ukishakusanya medali 15 anakufungulia gemu nyingine kabisa: skrini nyeusi tititi, mwanaanga mdogo kama siafu, roketi iliyokatwa vipande vitatu, na vidubwasha vinavyomiminika kutoka pembeni. Sharti ufikishe pointi 5,000. Usipofikisha hupati sarafu, na bila sarafu ile gemu kubwa haimaliziki. Tulikuwa watoto watano na pedi moja. Tulimtusi yule mtu mdogo wiki nzima. Ijumaa sisi wavulana tukaenda msikitini, na tuliporudi tulimkuta dada yangu kakaa mkekani anakula mabuyu, sarafu imeshapatikana. Hakutwambia alifanyaje.

Miaka ikapita, nikahamia Leicester, na huko ndiko nilikotambua kwamba adhabu ile ilitoka jirani tu na ninapolala. Jetpac ni gemu ya 1983, ya kompyuta ya nyumbani iliyoitwa ZX Spectrum, na walioitoa ni Ultimate Play the Game. Hilo lilikuwa jina la kuuzia. Kampuni yenyewe ikiitwa Ashby Computers and Graphics. Tim na Chris Stamper, ndugu wawili, waliianzisha 1982 pamoja na watu wao wachache katika mji mdogo wa Ashby-de-la-Zouch, chini ya saa moja kwa gari kutoka kwangu. Ndugu hao hao ndio walioanzisha Rare, na Rare ndio waliotengeneza Donkey Kong 64. Kumbe yule Cranky alikuwa akitulazimisha kuwaamkia wazee wa ukoo.

Basi nikaamua kuzitafuta kaseti zenyewe, maana gemu za Spectrum ziliuzwa kwenye kaseti kama za muziki. Jumapili asubuhi huku watu hupaki magari uwanjani, wakafungua buti na kuuza vya nyumbani mwao. Mzee mmoja alikuwa na Spectrum ya 48K, yaani yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48, ile yenye vitufe vya mpira, na boksi la viatu lililojaa kaseti. Tisa zilikuwa za Ultimate: Jetpac, Pssst, Cookie, Atic Atac, Sabre Wulf, Underwurlde, Knight Lore, Alien 8 na Nightshade. Alitaka pauni 60, tukapatana 45. Nilipomwuliza kama zinafanya kazi alitazama mawingu.

Hazikufanya. Mtoto wa Mombasa aliyekulia na kaseti za taarab hahitaji kufundishwa kukaza utepe kwa kalamu ya Bic, kwa hiyo hilo nilianza nalo. Nikafuta kichwa cha redio kaseti, kile kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti. Halafu unabonyeza kitufe cha J, na kompyuta inaandika neno LOAD lote yenyewe. Unaongeza alama mbili za nukuu, unabonyeza ENTER, unawasha kaseti. Kingo za skrini zinaanza kupita mistari myekundu na samawati, sauti moja ndefu kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Kisha mistari inageuka ya buluu na njano, mlio unakuwa wa kukwaruza, na hapo ndipo gemu inapoingia. Kwa hizi za 48K unangoja dakika tano hivi. Kwangu, katikati ya safari kila kitu kilisimama na maneno madogo yakatokea chini: R Tape loading error. Mara sita.

Dawa ilikuwa bisibisi. Pembeni mwa kichwa cha redio kaseti kuna skrubu ndogo inayokiinamisha huku au kule. Ukicheza kaseti na kusikiliza, sauti butu maana yake kichwa kimekaa upande. Unazungusha kidogo kidogo, hata robo ya mzunguko ni nyingi, mpaka mlio uchongoke ukukere meno. Hapo unaacha. Mke wangu alikuwa chumba cha pili akauliza kama kuna paka amebanwa mlangoni. Jetpac ikaingia mara ya saba.

Nasema wazi mapema: katika zote nilizocheza, hiyo ndogo ndiyo bora. Iliandikwa iweze kuingia kwenye Spectrum ya bei nafuu yenye 16K tu, na kati ya hizo karibu 7 zinaliwa na skrini yenyewe. Kilichobaki, kilobaiti 9 hivi, ndicho gemu nzima: picha, sauti, maadui, roketi. Picha moja ya harusi mtu anayokutumia WhatsApp inazidi hapo mara nyingi.

Na bado hakuna kilichopungua. Unaruka na mzigo wa gesi mgongoni. Unaokota vipande viwili vya roketi na kuvipachika juu ya kile cha chini, kisha mafuta mara sita, na kila yakidondoka ndani roketi inajaa rangi ya zambarau kutoka mkiani kwenda juu, kama glasi ya Vimto. Ukitoka kulia unaingia kushoto, na risasi zako pia. Kila sayari ina adui mwenye mwendo wake: hawa wanashuka mshazari kama vimondo, wale wanadunda, wengine wanakuwinda. Huambiwi. Unakufa, unajua. Uzito wa yule mwanaanga ndio unaonirudisha: ukiachia kitufe hadondoki kama jiwe wala haelei kama unyoya, anashuka kwa namna ambayo kidole kinaizoea ndani ya dakika mbili. Gemu za leo zenye maelfu ya watengenezaji zinashindwa hapo. Kwenye Golden Joystick, tuzo za gemu za Uingereza, za mwaka ule wa 1983 ilitajwa gemu bora ya mwaka, na sioni walikosea wapi.

Pssst na Cookie ni za 16K vilevile. Cookie ni mpishi anayerusha unga kuviangusha viungo ndani ya bakuli. Ya kuchekesha kwa robo saa. Pssst inastahili zaidi. Roboti analinda ua lisiliwe na wadudu, ana dawa tatu za kupuliza, na kila dawa inaua aina moja tu ya mdudu. Ukipuliza isiyo yake, mdudu anazubaa tu, halafu anaendelea kula. Mama yangu analima mahindi Kwale, na nilipomweleza kwenye simu alisema hiyo si gemu, hayo ndiyo maisha yake tangu viwavijeshi viingie.

Atic Atac, mwishoni mwa 1983, ndiyo ya kwanza hapa kuhitaji 48K, na ndiyo nambari mbili yangu. Umefungiwa ndani ya kasri, unatafuta vipande vitatu vya ufunguo wa dhahabu vyenye herufi A, C na G, yaani jina la kampuni. Chagua uwe shujaa wa vita, mchawi au mtumwa wa shambani. Uamuzi huo si wa sura tu: shujaa anapenya ndani ya saa za ukutani, mchawi ndani ya makabati ya vitabu, mtumwa ndani ya mapipa. Kwa hiyo kasri ni moja lakini njia ni tatu. Uhai wako ni kuku wa kuchoma aliyechorwa pembeni. Kadiri unavyoguswa na popo na mizuka, nyama inaliwa, mifupa inatokea, na ukiona kimebaki kifua kitupu ujue huna muda. Mpaka leo sijaona kipimo cha uhai kilichonitia wasiwasi kama kuku yule. Unaokota chakula njiani unapona, ila uyoga ni sumu. Dracula anaogopa msalaba. Frankenstein, sijui kwa nini, anaogopa spana.

Sabre Wulf (1984) ndiyo iliyopandisha bei. Kaseti za mwanzo ziliuzwa pauni 5.50, hii ikawa pauni 9.95, ndani ya boksi kubwa, wakiamini kwamba aliyelipa ghali hatakubali kumnakilishia rafiki bure. Nani atamwambia. Kwetu uswahilini kaseti moja ya taarab ilinyonyesha mtaa mzima.

Hii ina rangi nzuri kuliko zote, msitu wa majani ya kijani, njano na zambarau, na kwenye Spectrum hilo si dogo, maana mashine inaruhusu rangi mbili tu katika kila kijimraba na vitu vikipishana vinaambukizana rangi. Unatafuta hirizi iliyovunjika vipande vinne. Okidi zinachipua ghafla: mojawapo inakuongezea mbio, nyingine inakuvuruga mpaka kulia kunakuwa kushoto. Ukizubaa pahali pamoja, moto wa nyika unawaka na kukufuata. Vyema. Ila mwenye upanga, Sabreman, kavaa ile kofia ngumu ya jua waliyokuwa wakivaa mabwana shauri, na anaokutana nao humo ni viboko, vifaru, na wenyeji wenye mikuki wanaozunguka bila kusema neno. Dada yangu alipoiona picha aliuliza, “Kwa nini wewe ndiye uwe bwana shauri?” Sikuwa na jibu, nami nikacheza. Kiboko upanga haumwui, nikafurahi kimoyomoyo.

Underwurlde ina wazo la ajabu: maadui hawakuui, wanakusukuma tu, na kinachoua ni kuanguka kutoka juu. Saa nzima nilitupwatupwa kama mpira wa makaratasi. Ina milango mitatu ya kutokea, kila mmoja ukikuelekeza kwenye gemu nyingine ya Sabreman, na mmoja unaelekeza Mire Mare, ambayo haikutoka kamwe. Nilipofika kwenye mlango wa gemu isiyokuwapo niliona nimefika mbali vya kutosha.

Sasa Knight Lore, nayo ya 1984, inayosifiwa kuliko zote. Sifa ni za haki. Chumba unakiona kwa pembeni na juu, kina marefu, mapana na kimo. Meza unaweza kupanda juu yake, sanduku unaweza kulisukuma ulitumie ngazi. Mbinu yao waliiita Filmation, na kampuni nyingine zikaiiga kwa miaka. Akina Stamper walieleza baadaye kwamba ilikuwa tayari kabla ya Sabre Wulf, wakaificha ili watu wasiache kuinunua Sabre Wulf. Ili rangi zisiambukizane, kila chumba kina rangi moja tu juu ya weusi, na badala ya kuonekana umaskini inaonekana kama kivuli cha taa ya chemli.

Sabreman ameumwa, na usiku ukiingia anageuka mbwamwitu. Ana siku 40 za kumpelekea mchawi Melkhior vitu 14 vya kutia chunguni, kwa mpangilio wa chungu chenyewe. Shida ndiyo hii hapa. Jua likizama anaanza kujinyonganyonga, na kwa sekunde hizo humtawali, hata kama umesimama ukingoni mwa miiba. Vitu vikiwa vingi chumbani kila kitu kinakwenda polepole kama daladala yenye abiria wa ziada, kisha unaingia chumba kitupu na mtu wako anakimbia ghafla. Kuruka kulikofaulu kule hapa kunakuua. Ninaiheshimu kama ninavyouheshimu mlango wa Lamu: nitasimama kuutazama, lakini sina haja ya kuufungua kila siku.

Alien 8 ni Knight Lore iliyovaa chuma. Nightshade inakutembeza mji mzima unaosogea, na baada ya nusu saa nilijiona kama mtu anayetafuta choo Eastleigh.

Gemu nyingine zao mbili, Lunar Jetman na Gunfright, sikuzipata kwenye boksi la viatu. Nilizicheza kwenye Rare Replay, mkusanyiko wa gemu 30 uliotoka 2015 kwa Xbox One, saba kati yake za Ultimate. Kama huna hamu ya bisibisi, pita njia hiyo. Ina kitufe cha kurudisha gemu nyuma ukifa, na kwa Lunar Jetman hutadhani ni hila bali ni rehema. Gunfright, ya magharibi mwa Marekani, sherifu na farasi wake, inapendeza, lakini unaona mkono wa watu waliokwisha choka. Na kweli walikuwa njiani kuondoka: jina la Ultimate liliuzwa kwa U.S. Gold, kampuni nyingine ya gemu, ndugu wakaenda kuandikia mashine za Nintendo, na gemu mpya za mwisho zenye jina hilo zilitoka 1987. Hizo sina.

Desemba iliyopita dada yangu alikuja kututembelea, na watoto wake wawili. Wale walitaka Xbox. Yeye aliona vile vitufe vya mpira mezani, akauliza ndiyo ile? Nikamwambia ndiyo ile. Alikaa na koti lake, akafa mara mbili, akanyamaza, kisha akaanza kuruka vilevile alivyoruka yule mtoto wa mabuyu. Aliishia pointi 7,340, akageuka kuniuliza sarafu inatokea wapi.