Hatchet ya Gary Paulsen: riwaya ya kumfundishia kijana uhakiki

Kwa kijana wa kidato cha pili hapa Mwanza anayejua kusimulia hadithi lakini uhakiki unamshinda, riwaya hii ya mwaka 1987 inafaa sana. Kiingereza chake ni chepesi, sura 19 tu na hitimisho. Brian, miaka 13, anabaki peke yake msituni Kanada baada ya rubani kufariki angani. Ana kishoka alichopewa na mama yake, basi.

Anzeni na kishoka hicho. Kijana achore safu tatu daftarini: tukio, nukuu yenye namba ya ukurasa, maana. Sura ya 8 Brian anamrushia nungunungu kishoka gizani, kinagonga mwamba na kutoa cheche. Sura ya 9 cheche zinazaa moto. Hapo kifaa kimegeuka ishara, na ushahidi upo. Mara nyingi safu ya tatu hujaa masimulizi, kwa sababu swali lililoulizwa ni "nini kilitokea?" Uliza: "Kwa nini mwandishi anakirudia kitu hiki?"

Kwa watoto wa ziwani, utamu upo kwenye samaki. Brian anakosa na kukosa mpaka anapotambua kwamba maji hupinda mwanga. Analenga mshale chini kidogo ya samaki anayemwona. Kijana aeleze hilo linafichua tabia gani, kisha athibitishe kwa nukuu.

Mama yake Brian haonekani vya kutosha, na mwisho una haraka. Uhakiki wa mhusika wa kike utafutiwe kitabu kingine.