Filamu za Kutafsiriwa Kwenye Flashi: Kazi Nzuri, Maelezo Yanayowaumiza Watu Wenye Usonji

Duka ninaloliandikia tathmini hii liko Tandika, wilayani Temeke, na sitalitaja jina kwa sababu dosari nitakayoieleza nimeikuta pia katika flashi zilizotoka kwenye maduka mengine ya jijini. Huduma yenyewe inafahamika kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam: unapeleka flashi yako, unachagua filamu kwenye orodha ndefu iliyobandikwa ukutani, kijana wa kompyuta anakuwekea, na kwa shilingi 500 unarudi nyumbani na filamu ya kigeni ambayo DJ ameitafsiri kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Jioni ya Ijumaa foleni huwa ndefu, lakini vijana wa pale ni wepesi na wana adabu, na faili likigoma kufunguka nyumbani unawekewa jingine bila kulipa tena.

DJ wao ni fundi. Jiji hili liliilea sanaa hii tangu enzi za mabanda ya video, wakati sauti ya msimulizi Lufufu ilipokuwa ikiwakalisha watu kwenye mabenchi hadi usiku, na kijana huyu ni mrithi anayestahili. Anajua lini aseme na lini aiache filamu ijisemee, hachanganyi majina ya wahusika, na mambo ya kigeni huyaeleza kwa namna ambayo hata mzazi asiyejua Kiingereza hapotei. Katika filamu The Accountant ya mwaka 2016, ambayo ndiyo kiini cha malalamiko yangu, kuna sehemu ndefu inayohusu udanganyifu wa hesabu za kampuni. Yeye aliifananisha na hoja za ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, fedha zinatoka mlango huu na kurudi kwa mlango ule, na kila aliyekuwa sebuleni kwangu akaelewa papo hapo. Suala la hakimiliki ni zito na lina mahali pake pa kujadiliwa. Hapa ninapima kile ambacho mteja anakisikia.

Nina mtoto wa kiume mwenye usonji, hali ya ukuaji wa ubongo ambayo kwa Kiingereza huitwa autism, na ndiyo sababu nilisikiliza kwa makini. Mhusika mkuu wa filamu hiyo, Christian Wolff, ni mhasibu mwenye usonji ambaye pia ni muuaji hodari. Mwanzoni tunamwona akiwa mtoto katika kituo cha wataalamu, akiunganisha vipande vya picha kwa kasi ya ajabu, hadi anapogundua kwamba kipande cha mwisho hakipo na kuvurugikiwa kabisa. Katika sauti ya asili hakuna anayesema lolote kuhusu kuua. DJ wetu aliongeza lake: “Mwoneni huyu, usonji umeshaanza kumpanda! Hawa ndio wale ambao wakikua wanaua bila huruma, kichwani hakuna breki.” Baadaye, kila Wolff alipopiga risasi, sauti ileile ilitukumbusha kwamba ni usonji unaofanya kazi.

Ningependa msomaji alielewe hili vizuri, kwa sababu filamu yenyewe, pamoja na makosa yake, haisemi hivyo. Baba wa Wolff ni mwanajeshi anayekataa ushauri wa wataalamu, anawahamisha watoto wake kutoka nchi moja hadi nyingine, na kuwakabidhi kwa walimu wa mapigano hadi wanaumia. Mdogo wake, Braxton, hana usonji hata kidogo, na yeye pia amekua muuaji wa kukodiwa. Watoto wawili walilelewa na baba mmoja kwa kipigo kimoja, mmoja ana usonji na mwingine hana, na wote wawili wakaishia kwenye bunduki. Mtazamaji makini angeuliza malezi yale yaliwafanya nini. Kisha yupo Justine, binti wa yule mtaalamu wa kituo, naye ana usonji, hazungumzi kwa mdomo, na ndiye aliyemwokotea Wolff kile kipande kilichopotea walipokuwa watoto. Ukubwani anawasiliana kupitia kompyuta na ndiye mratibu wa kazi zote za Wolff, na katika filamu nzima hatumwoni akimgusa mtu kwa ubaya. DJ hakutaja kabisa kwamba Justine ana usonji. Kwa hiyo mtazamaji wa Tandika anaondoka na mtu mmoja tu mwenye usonji kichwani mwake, na mtu huyo ana silaha.

Siitetei filamu nzima. Kumwonyesha baba anayemkomaza mtoto kwa kelele, taa kali na ngumi, kisha kumtoa mtoto huyo akiwa shujaa, ni kuwapa wazazi wetu mfano mbaya, maana wapo wanaoamini kwamba fimbo ndiyo dawa ya mtoto asiyeitika anapoitwa. Ila kosa la mtunzi wa Marekani na kosa la msimulizi wa Temeke ni mambo mawili tofauti, na mimi nimelipa shilingi 500 zangu kwa huyu wa pili.

Bidhaa ya pili ni mbaya zaidi. Duka linauza mkusanyiko wa simulizi za mauaji yaliyotikisa dunia, uliotengenezwa kwa vipande vya habari za televisheni za nje na maelezo ya Kiswahili juu yake, na humo limo tukio la Shule ya Msingi Sandy Hook, katika mji wa Newtown, jimbo la Connecticut, Marekani. Tarehe 14 Desemba 2012 kijana wa miaka 20 alimuua mama yake nyumbani, akaenda shuleni hapo na kuua watoto 20 na watu wazima sita, kisha akajiua. Mara tu baada ya hapo baadhi ya vyombo vya habari vya Marekani vilieleza kwamba kijana huyo alikuwa na Asperger, jina lililotumika wakati huo kwa aina ya usonji na ambalo mwaka uliofuata liliondolewa katika mwongozo wa uainishaji wa madaktari wa akili wa Marekani na kuunganishwa na usonji kwa ujumla. Simulizi ya duka letu inasimama hapo hapo. Inasema kwamba sababu ilijulikana, nayo ni ugonjwa wa usonji, halafu muziki wa kutisha unapigwa.

Sababu haikujulikana hivyo. Ofisi ya Mtetezi wa Watoto ya jimbo la Connecticut ilichunguza maisha ya kijana huyo, na ripoti yake ya Novemba 2014 ilisema wazi kwamba usonji wake na matatizo yake mengine ya akili havikuwa chanzo cha mauaji yale. Ilieleza jinsi hali yake ya akili ilivyozidi kudorora bila tiba ya maana, jinsi alivyojifungia na kuzama katika habari za mauaji, na jinsi bunduki zilivyokuwa karibu naye ndani ya nyumba. Mkusanyiko huu unauzwa leo, zaidi ya miaka kumi baada ya ripoti hiyo, na bado unabeba maneno ya siku za kwanza za taharuki.

Upo pia utafiti mpana kuliko tukio moja. Mwaka 2017 watafiti wa Uswidi walitoa matokeo ya kuwafuatilia vijana karibu 296,000 wa mkoa wa Stockholm, wakiwemo 5,739 wenye usonji. Kwa mtazamo wa kwanza, wenye usonji walionekana kutiwa hatiani kwa makosa ya ukatili kwa kiwango kilichozidi kidogo kile cha wenzao. Lakini watafiti walipozingatia kwamba baadhi yao walikuwa pia na tatizo la umakini na utukutu uliopitiliza, au tatizo la mwenendo, tofauti ile haikuonekana tena. Usonji peke yake haukuwa unamsogeza mtu kwenye ukatili. Kwa upande mwingine, watu wenye usonji huonewa, hupigwa na kunyanyaswa zaidi ya wenzao, jambo ambalo mzazi yeyote aliyempeleka mtoto wa namna hii shuleni analijua bila kusoma utafiti.

Sitadai kwamba watoto wetu hawapigi wala hawaumi, maana nitakuwa nawadanganya majirani wanaosikia kelele za nyumbani kwangu. Mwanangu anapovurugikiwa hujigonga kichwa ukutani, hujiuma kiganja, na anayemshika kwa nguvu wakati huo anaweza kupata kofi. Mara nyingi chanzo nimekiona: jenereta la jirani limewashwa ghafla, jino linamuuma na hawezi kulitaja, au daladala limejaa na konda anapiga mlango huku abiria wakimsukuma. Taa ikizimwa, kelele ikipungua, akapewa nafasi na muda, hutulia. Tabia hiyo haina uhusiano na mtu anayepanga kwa wiki nzima kwenda kuua. Anayeviunganisha viwili hivi kwa sentensi moja ya kusisimua hajawahi kukaa sakafuni na mtoto aliyevurugikiwa.

Matokeo ya sentensi hiyo nimeyaona mtaani. Baada ya filamu ile kuzunguka, jirani yangu, mama wa heshima ambaye tumezikana na kuozeshana, aliniuliza kwa sauti ya chini tukiwa foleni ya maji: “Dada, samahani nikuulize, huyu wetu akishakuwa mkubwa hatatudhuru?” Alisema “huyu wetu”, na ninaamini alimaanisha hivyo, lakini tangu siku ile wajukuu zake hawaji tena kucheza uani kwangu. Mwanangu bado huenda mlangoni saa za jioni, saa walizokuwa wakija.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu zaidi ya 5,300,000, na kwa uwiano huo tunazungumzia zaidi ya watu 40,000 katika jiji hili peke yake, wengi wao wakiwa hawajawahi kupimwa wala kutajiwa jina la hali waliyonayo. Kwa familia nyingi, habari ya kwanza kuhusu usonji haitatoka hospitali ya Muhimbili. Itatoka kwenye flashi.

Nilirudi dukani nikazungumza na DJ mwenyewe. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, na hilo lazima niliweke kwenye tathmini. Jibu lake lilikuwa kwamba wateja wanataka msisimko: “Mama, nikianza kueleza kama daktari watu watalala.” Nikamwambia, mwanangu, ripoti za hesabu ulizieleza vizuri na hakuna aliyelala. Hili halikuwa ombi la kumbembeleza tu. Mwaka huohuo wa 2017 wanasaikolojia wa Australia walichapisha jaribio ambalo watu walisomeshwa habari ya uhalifu wa kikatili. Pale habari ilipomhusisha mhalifu na usonji, mtazamo wa wasomaji juu ya watu wenye usonji uliharibika, lakini pale ilipoambatana na maelezo mafupi ya kweli kuhusu usonji, mtazamo huo ulikuwa mzuri zaidi. Maelezo mafupi ndiyo kazi yake ya kila siku. Msimulizi ambaye watu wanamwamini anaweza kusema, pale mtoto Wolff anapolia, kwamba mtoto huyu ameumizwa na kitu kilichokosekana mahali pake, na filamu isipoteze hata chembe ya utamu wake.

Aliniomba nimwandikie anachopaswa kusema. Nikamwandikia nyuma ya karatasi ya orodha ya bei: usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, hauambukizi, haumfanyi mtu kuwa muuaji, na mtoto anayepiga kelele huenda anaumwa au anaogopa. Mpaka ninapoandika haya, tangazo la mkusanyiko wa mauaji limeshatolewa ukutani, ingawa ukiuliza bado unauziwa. The Accountant inauzwa na usimulizi uleule wa zamani, na kwenye orodha hakuna alama yoyote ya umri wa mtazamaji, ilhali watoto wa darasa la nne wanajinunulia wenyewe.

Kwa wepesi, bei, ubora wa picha na ufundi wa sauti, duka hili ningelipa nyota tano. Kwa kile linachowafundisha wateja wake kuhusu watoto kama wangu ninaziondoa mbili, na nitazirudisha siku usimulizi ule utakaporekodiwa upya. Filamu zao za Kihindi na tamthilia za Kikorea nunueni bila wasiwasi, DJ yuleyule anazitendea haki. Simulizi za mauaji ziacheni. Na anayeitaka The Accountant aombe nakala isiyo na sauti ya DJ, ambayo wanayo kwa bei ileile, asiwawekee watoto wadogo, na kama ana kijana mkubwa anayejua Kiingereza amketishe pembeni amtafsirie, hasa sehemu ya mwisho anapoonekana Justine.