Nimelipia rangi, tanbihi sikupewa

Mwenye haraka achukue hili aende zake: nyota mbili kati ya tano, na moja ni ya ramani peke yake, maana ramani kweli wameichora. Ni programu ya simu inayopanga nchi kwa usalama, kila nchi na alama yake kati ya 0 na 100. Jina silitaji, ziko kadhaa za aina hii, na nilizozijaribu zinafanana kama shilingi kwa ya pili.

Niliinunua kwa sababu ya shemeji. Binti yangu kapata nafasi ya kusoma Sweden, na habari ilipomfikia mjomba wake akanitumia picha ya ramani hiyo, Sweden imekolea wekundu, chini kaandika: "Shemeji, umeiona hii? Mtoto tunampeleka wapi?" Usiku huohuo nikalipia ya mwaka mzima, nijue wekundu ule umetoka wapi.

Ukigusa nchi unapata alama, mshale wa kupanda au kushuka, na namba ya ubakaji kwa kila watu 100,000. Basi. Nilibonyeza namba, nikabonyeza mshale, nikashikilia kidole mpaka simu ikatetema. Chini ya namba hakuna kitu. Haisemi kama ni kesi zilizoripotiwa au zilizothibitishwa, wala sheria ya nchi hiyo inaita nini ubakaji.

Na kwa Sweden hapo ndipo penye mambo yote. Wao huhesabu tukio mojamoja. Mwanamke akieleza polisi kwamba mumewe amemlazimisha mara 100 kwa mwaka, zinaandikwa kesi 100. Kwingineko lingefunguliwa jalada moja. Huandika malalamiko yanapopokelewa, na hata uchunguzi ukionyesha baadaye kwamba halikuwa kosa, namba inabaki kwenye hesabu ya makosa yaliyoripotiwa. Sheria yenyewe ilipanuliwa mwaka 2005, na tangu Julai 2018 tendo bila ridhaa ni ubakaji, nguvu itumike isitumike. Sasa weka hiyo kando ya nchi ambayo sheria haimtambui mume kuwa mbakaji, na ambako mwanamke akifika kituoni anaambiwa arudi nyumbani wakayamalize. Hiyo itatoka kijani. Sisemi Sweden hakuna ubakaji, upo. Ila rangi ile imechanganya kosa na karani anayeliandika.

Kwenye mauaji programu inajitahidi, ndiko ilikotoka nyota ya pili. Maiti ni ngumu kuificha, na maana ya kuua haitofautiani sana toka nchi hadi nchi. UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na dawa za kulevya na uhalifu, ilikadiria watu 458,000 hivi waliuawa duniani mwaka 2021, yaani 5.8 kwa kila 100,000. Hata hivyo nilifungua mchoro wa Uingereza na Wales nikakuta vilima viwili, mwaka ulioishia Machi 2003 na ulioishia Machi 2017, kila kimoja na kimshale chekundu cha hatari kuongezeka. Kilima cha kwanza kimebeba watu 172 waliouawa na daktari mmoja, Harold Shipman, kwa miaka mingi. Waliingizwa kwa mkupuo uchunguzi ulipowatambua. Cha pili kina mashabiki 96 wa mpira waliokufa katika maafa ya uwanja wa Hillsborough ya mwaka 1989, walioandikwa baada ya uamuzi wa 2016 kwamba waliuawa isivyo halali. Watakwimu wa kule wamelieleza hilo waziwazi. Programu imechukua namba, maelezo ikayaacha mlangoni.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi inavyowatuza polisi wasioandika. Ukaguzi wa mwaka 2014 kulekule Uingereza na Wales ulikuta asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa polisi hayakuandikwa kabisa. Polisi wakabanwa, wakaanza kuandika, namba za vurugu zikapaa, wakati utafiti wa kuwauliza wananchi majumbani kwao, unaofanywa tangu 1982, haukuonyesha mpando kama huo. Programu ikawashusha alama. Kwa Marekani, mwaka 2021 FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, ilihamia mfumo mpya wa kukusanya takwimu za uhalifu, na polisi wa New York na Los Angeles hawakuleta takwimu zao kwa mfumo huo. Kwenye simu yangu mstari unapita 2021 laini kabisa, kama hakuna kilichotokea.

Vatican nayo nyekundu ya damu: wakazi hawafiki 1,000, wezi wa mifukoni wanafuata mamilioni ya wageni, halafu hesabu inagawanywa kwa wakazi. Tuipite.

Kisha ikaniuliza najisikiaje nikitembea usiku peke yangu Japani. Sijawahi kukanyaga Japani. Nikajibu "naogopa sana". Ikapokea, ikanishukuru kwa mchango wangu. Niliwaandikia huduma kwa wateja kuhusu hilo na kuhusu vile vilima. Siku ya pili likaja jibu kwamba takwimu zao zinatoka vyanzo vya kuaminika, na kikopa chekundu mwishoni.

Ukitaka kitu cha kutumia kweli, hifadhidata ya UNODC ni ya bure. Kwenye simu ni adha tupu: jedwali pana kama mkeka, mwaka wa karibuni mara nyingi haupo, na nchi kibao zimeachwa wazi. Lakini kila mstari una safu ya chanzo, unajua namba imeletwa na serikali yenyewe au imetoka Shirika la Afya Duniani. Hata zile nafasi tupu naziheshimu. Programu yangu haina hata moja, kila nchi imepata rangi, sijui wamezipikaje.

Nilichukua mauaji peke yake: Sweden, mwaka 2022, 1.1 kwa kila watu 100,000. Nikaukata mstari huo, nikamtumia shemeji pamoja na wa dunia. Alikaa kimya mpaka jioni, kisha akajibu: "Sawa. Na baridi je?"

Usajili nimeuzima, usije ukajilipia wenyewe mwakani. Kitufe chenyewe wamekificha chini kabisa ya mipangilio, kwa maandishi ya kijivu.