Kukosolewa kros kantri kwa video: huduma ya kulipia, na ya kuacha

Kocha wa kros kantri, yaani kupanda farasi na kuruka viunzi vigumu nje ya uwanja, anayeweza kusimama kando ya kiunzi chako kila wiki ni adimu hata Nairobi, sembuse kwa anayefuga farasi Nanyuki au Gilgil. Ndiyo maana huduma za kutuma video kwa kocha aliye mbali, mara nyingi Uingereza, zimepata wateja. Utaratibu unafanana karibu kote: unarekodi miruko kwa simu, unalipa, unatuma, kisha unarudishiwa video ileile ikiwa imepunguzwa mwendo na kuchorwa mistari juu ya mwili wako na wa farasi, sauti ya kocha ikieleza. Wengine hurudisha maandishi tu yenye dakika na sekunde. Hatutaji kampuni, kwa sababu ubora hutofautiana kocha kwa kocha, hata ndani ya huduma moja.

Kipimo tunachokitumia ni kimoja: je, maoni yanakuonyesha kosa lilianzia hatua ya ngapi ya farasi kabla ya kiunzi? Huduma isiyojibu swali hilo haifai kulipiwa, hata mistari yake iwe na rangi nzuri kiasi gani.

Chukua gogo la sentimita 90, kimo cha juu cha viunzi vya daraja la BE90 la British Eventing, chama kinachosimamia mashindano haya Uingereza. Farasi anaruka, magoti yake yanakwaruza gogo, na mpandaji anaangukia shingoni wakati wa kutua. Maoni dhaifu yatasema: umemtangulia farasi, kaa nyuma. Si uongo, lakini mwanafunzi ataenda kwenye gogo lijalo akiegemea nyuma, atamvuta farasi mdomoni akiwa hewani, na baada ya wiki mbili atakuwa na farasi anayegoma.

Maoni mazuri ya mruko huohuo huenda hivi. Hatua ya sita kabla ya gogo, kanta (mwendo wa farasi wa kuruka-ruka, kasi kuliko troti) ni nzuri na mapigo matatu ya kwato yanasikika. Hatua ya tano, mikono inarudi kuelekea kiunoni. Farasi anainua kichwa na mgongo unabonyea. Ya nne na ya tatu ni fupi, hazina nguvu. Mpandaji anahisi mwendo umekufa, anapiga mateke, hatua mbili za mwisho zinarefuka na kulala, na farasi anaruka kutoka mbali huku mabega yake yakiwa bado chini. Kiwiliwili cha mpandaji kimeinama kabla miguu ya mbele haijainuka, goti limebana tandiko, mguu wa chini umeteleza nyuma, kwa hiyo wakati wa kutua hana cha kukanyagia. Kuanguka shingoni ndiko kulikoonekana, lakini ugonjwa ulikuwa mikononi, mita 18 hivi nyuma.

Kocha aliyeyaona hayo hatakwambia tu ukae nyuma. Atakwambia umalize marekebisho yote ya kasi mita 20 au zaidi kabla ya kiunzi, kwa kuinua kifua na kukaza tumbo badala ya kuvuta hatamu, kisha uache mikono itulie juu ya shingo na miguu ishikilie mwendo uliopo. Na atakupa zoezi la kufanya bila kuruka: laza nguzo mbili chini, mita 18 katikati. Kwa kanta ya kawaida, yenye hatua ya mita 3.6 hivi, farasi ataipita nafasi hiyo kwa hatua 5. Pita kwa 5, halafu kwa 6, halafu urudi 5, ukihesabu kwa sauti. Anayeweza kubadilisha 5 kuwa 6 bila farasi kuinua kichwa ameshapata nusu ya dawa. Zoezi lisipoambatana na vipimo, rudisha swali: nguzo ngapi, mita ngapi, hatua ngapi?

Jambo la pili linalotenganisha makocha ni kasi. BE80 hupandwa kwa mita 435 kwa dakika, BE90 kwa 450, BE100 kwa 475. Kocha akikuandikia kwamba unakwenda polepole, awe amepima. Kupima si kazi: tembeza gurudumu la kupimia mita 450 kwenye eneo tambarare, weka alama mwanzo na mwisho, upite kwa sekunde 60. Ukishaijua kasi hiyo mwilini, video ina maana zaidi. Tena kocha anayemharakisha mwanafunzi wa daraja la chini ahesabu pointi vizuri. Kila sekunde ya kuchelewa hugharimu pointi 0.4 za adhabu, na farasi kugoma mara moja hugharimu 20, yaani sawasawa na kuchelewa sekunde 50. Kugoma mara ya pili kwenye kiunzi kilekile ni 40. Mwanafunzi anayefika kwenye kila kiunzi kwa kanta iliyojaa nguvu na kuchelewa sekunde 15 amepoteza pointi 6 tu, na farasi wake anarudi zizini akiwa na imani.

Kwenye viunzi vya kushuka na kuingia majini huduma hizi ndipo hung'ara, kwa sababu kosa hutokea haraka mno kwa jicho la aliyesimama kando. Ukipunguza mwendo wa video unaona lilivyo: mpandaji anatazama maji, kidevu kinashuka, mabega yanafuata, hatamu zinabaki fupi. Farasi anahitaji shingo yake ndefu ili kusawazisha mwili anaposhuka. Akinyimwa, anatua kwa kishindo na mpandaji anavutwa mbele na hatamu zake mwenyewe. Ushauri unaostahili kulipiwa utagusa mambo matatu kwa mpangilio wake. Macho yabaki ng'ambo ya bwawa. Mguu wa chini utangulie kidogo mbele ya mkanda wa tumboni mwa farasi, kisigino chini. Vidole viachie hatamu ziteleze sentimita 10 hadi 20 farasi anaposhuka, kisha zikusanywe baada ya kutua. Kocha akikuambia uegemee nyuma tangu farasi hajaruka, huyo anakufundisha kumzuia. Mabega hufunguka farasi akiwa ameshaondoka, si kabla.

Urefu wa vikuku, vile vikanyagio vya miguu vya tandiko, nao hupimika kwenye video, na inashangaza ni wangapi hawautazami. Kros kantri hutaka mikanda ya vikuku ifupishwe matundu 2 hadi 4 kutoka urefu wa dresaji, upandaji wa uwanjani usio na kuruka. Mpandaji akisimama juu ya vikuku na makalio yakiwa bado yanagusa tandiko, mikanda ni mirefu, na makosa mengine matano yaliyoorodheshwa huenda yanatokana na hilo moja. Kizibao cha kinga huficha mgongo, kwa hiyo kocha makini atasoma pembe ya nyonga na ya goti badala ya kubuni kilichoko chini ya kizibao. Hilo tu linaweza kukuonyesha kama anajua anachokitazama.

Sasa upande wa mteja, maana malalamiko mengi juu ya huduma hizi husababishwa na video mbovu. Simu ilazwe, isisimamishwe. Mrekodi asimame mita 20 hadi 25 kutoka mstari wa farasi, mkabala na upande wa kiunzi, jua likiwa mgongoni kwake, na awe na nafasi ya kuonyesha hatua 5 au 6 kabla ya kiunzi na 3 baada yake. Mruko uliokatwa ukaonyesha farasi akiwa hewani tu hauna kazi. Asivute picha karibu huku farasi akikimbia. Kipande cha pili kichukuliwe kutoka nyuma, kuonyesha kama farasi alifika amenyooka. Hiki ni cha lazima kwa viunzi vyembamba na vya pembe, ambako tatizo kubwa ni kuchepuka pembeni, na ukitazama ubavuni huwezi kuona bega lililoanza kutoroka.

Chagua fremu 60 kwa sekunde. Kwa mita 450 kwa dakika farasi anakwenda mita 7.5 kila sekunde. Kwenye fremu 30 anasogea sentimita 25 kati ya picha na picha, na hapo ndipo mguu wa chini unapoteleza bila kuonekana. Kwa fremu 60 nafasi hiyo inakuwa sentimita 12.5. Usizime sauti, wala usiweke muziki: mdundo wa kwato ndio ushahidi wa kanta iliyopoteza mapigo. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama video, la sivyo picha itabanwa hadi vidole na vikuku vigeuke ukungu. Sekunde 15 za ubora wa juu zinaweza kufika MB 100, kwa hiyo panga bando au tafuta waifai. Kamera ya kichwani pekee haitoshi. Inaonyesha macho yanatazama wapi, basi.

Yako mambo ambayo huduma hii haiwezi kuyafanya, na yafaa uyajue kabla ya kulipa. Haihisi uzito wa hatamu mikononi. Haioni tandiko linalobana bega. Haikanyagi ardhi yako. Kocha aliyezoea nyasi za Uingereza akitazama udongo mweusi wa tambarare za Athi wakati wa kiangazi hawezi kuona kwenye skrini ulivyo mgumu, na mvua ikinyesha utelezi wake ni wa aina nyingine kabisa. Mwandikie hali ya ardhi pamoja na umri wa farasi, uzoefu wake na kazi aliyofanya siku tatu zilizotangulia. Farasi aliyekuwa akiruka vizuri na ghafla akaanza kugoma, daktari wa mifugo amtazame mgongo, kwato na meno kabla mpandaji hajalaumiwa. Huduma inayochukua pesa ya kurekebisha mkao wa mpandaji wa farasi wa namna hiyo bila kuuliza lolote kuhusu afya yake, iache.

Lipo na suala la usalama ambalo hatulilegezei. Viunzi vingi vya kros kantri havianguki. Farasi akigonga kiunzi kigumu kwa sehemu ya juu ya miguu ya mbele, anaweza kupinduka mzima na kumwangukia mpandaji; hiyo ndiyo ajali inayoogopwa zaidi katika mchezo huu. Ukituma video ambayo farasi anagusa magogo tena na tena, jibu sahihi halisubiri zamu yako ifike. Ni ujumbe wa siku ileile: simamisha viunzi vigumu, rudi kwenye nguzo zinazoanguka, tafuta kocha wa ana kwa ana. Kabla ya kujiandikisha, waulize hali kama hiyo wanaishughulikiaje. Wakikosa jibu, wana programu ya video, hawana ukocha.

Wengine hupendelea kifaa cha sikioni, kocha akizungumza papo hapo kutoka kando. Kinafaa kwa kujifunza wakati wa kumaliza marekebisho, maana neno moja, tulia, linafika kwa wakati wake. Upepo hukiharibia sauti, na mwanafunzi huzoea kungoja kuambiwa. Siku ya mashindano ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, kocha hawezi kukusemea sikioni ukiwa njiani. Ni msaada usioruhusiwa na unaweza kukutoa mashindanoni. Tumia kifaa kwa zoezi, ila mruko wa mwisho wa somo urukwe kimya.

Ukipokea maoni, tazama video yako kwanza bila sauti ya kocha, uandike unachokiona wewe. Halafu sikiliza. Mlipokubaliana, anza hapo. Msipokubaliana, muulize ni fremu gani. Chukua sahihisho moja kwa kila siku ya kazi, kwa sababu farasi akiwa kwenye kanta hakuna akili inayobeba matano. Mwonyeshe pia saisi, mtunza farasi wako. Mtu anayempigia farasi brashi kila asubuhi na kumtembeza baada ya kazi ataona kwenye video vitu ambavyo kocha wa mbali hana njia ya kuvijua: kwamba kanta ya kuzunguka kulia imekuwa nzito tangu wiki iliyopita, kwamba anakunja masikio akifungwa mkanda. Maneno yake yapelekwe kwa kocha yakiwa yake, kwa heshima yake. Na video za watoto zisipelekwe kwenye makundi ya WhatsApp kukosolewa na kila mtu. Zibaki kati ya kocha, mzazi na mtoto.

Kwa nani basi? Kwa mpandaji wa BE80 hadi BE100, mwenye farasi mzima, mtu wa kumrekodi na kocha wa karibu wa kumwona japo mara moja kwa mwezi, huduma nzuri ya video inalipa. Kwa anayeanza kutoka uwanjani kwenda kwenye viunzi vigumu, bado; pesa hiyo iende kwenye masomo ya ana kwa ana. Ukinunua, chukua video moja kwanza, usikimbilie kifurushi cha kumi. Ya pili itume baada ya kufanya zoezi kwa vipindi vitatu au vinne, kiunzi kilekile, pembe ileile, umbali uleule wa kamera, na umwombe kocha aziweke mbili hizo bega kwa bega na kuonyesha hatua ya tano.