Khan Academy kwa mwanafunzi wa sekondari mwenye mapengo ya korona: anza na jaribio, video baadaye

Mtoto aliyekuwa darasa la nne au la tano shule zilipofungwa mwaka 2020 sasa yuko sekondari, anafundishwa milinganyo ilhali kujumlisha sehemu bado kunamshinda. Kwa pengo la namna hiyo Khan Academy, tovuti ya masomo yenye video na mazoezi, inafaa, tena ni bure. Shida ni kwamba wengi huitumia kinyume: wanamkalisha mwanafunzi mbele ya video, anatikisa kichwa, anaondoka na pengo lake.

Kilicho bora humu ni kozi zinazoitwa "Get ready for", kwa mfano "Get ready for Algebra 1". Zimechambua mada za madarasa ya nyuma na kubakiza zile tu ambazo kozi inayofuata inazitegemea. Aliyepoteza mwaka hana nafasi ya kuurudia wote. Grafu za nguzo zitasubiri. Sehemu, uwiano na namba hasi haziwezi kusubiri.

Fungua kozi, nenda moja kwa moja kwenye "Course challenge", jaribio la maswali 30 hivi yanayogusa kozi nzima. Mwanafunzi awe na daftari na kalamu, afanye peke yake. Mwambie mapema kwamba akifungua kidokezo swali linahesabiwa amekosa, maana wengine hukibonyeza kwa mazoea kisha matokeo yanadanganya. Matokeo yakitoka, shughulikia mada mbili tatu zilizoanguka vibaya, nyingine ziache.

Ngazi za umahiri zinahitaji jicho. Ndani ya zoezi, asilimia 70 inampa "Familiar" na asilimia 100 inampa "Proficient". "Mastered", ngazi ya juu kabisa, haipatikani hapo. Inatoka kwenye jaribio la mada au la kozi nzima, ambako maswali yamechanganywa, na akikosa anashushwa. Wanafunzi hununa sana wakishushwa, lakini kipimo cha kweli ni hicho. Anayefanya maswali matano ya aina moja mfululizo anaiga hatua za swali lililotangulia. Yakichanganywa ndipo inabidi aamue mwenyewe atumie njia gani. Afadhali mada tatu zifike "Mastered" kuliko kozi nzima kuishia "Familiar".

Udhaifu mkubwa: programu inaona jibu, haioni njia. Chukua x/3 + x/4 = 7. Jibu sahihi ni 12. Anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini anapata 2x/7 = 7, kisha 24.5. Hatua zake za mlinganyo ziko sawa kabisa. Kilichoharibika ni sehemu. Programu itamwambia amekosea na kumwelekeza kwenye maelezo ya milinganyo, yaani dawa ya ugonjwa mwingine. Mwalimu anapogawa zoezi achague darasa zima lipate maswali yaleyale, kisha asome kwenye ripoti majibu yenyewe badala ya alama. 24.5 ikijirudia kwa wanafunzi sita, somo la kesho limeshapatikana. Ndiyo, maswali yakifanana watanakiliana. Kwa hiyo kagua hatua kwenye madaftari.

Kuhusu muda, nusu saa kwa wiki haimtoshi aliye nyuma sana. Panga vipindi vitatu vya nusu saa: dakika 20 za mazoezi, dakika 10 za kupitia yaliyokosewa, pamoja na mtu anayejua somo na kundi lisilozidi wanafunzi wanne. Bila mtu huyo, mwanafunzi dhaifu hubahatisha majibu ya kuchagua mpaka yakubali.

Maswali ya maelezo yamejaa dola na maili, usumbufu mdogo tu. Pasipo intaneti ya uhakika kuna Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality: maudhui, yakiwemo ya Khan Academy, hupakuliwa mara moja kwenye kompyuta na wanafunzi huyapata kwa mtandao wa ndani. Ila maendeleo yanayorekodiwa humo hayahamii kwenye akaunti ya Khan Academy, basi chagua moja na ubaki nayo.

Usiitegemee Khan Academy kwa uandishi wa insha. Na mwanafunzi anayesoma swali la mistari mitatu bila kulielewa asianzishiwe hapa. Huyo anahitaji kwanza msaada wa kusoma, ana kwa ana.